Kilima cha mmoja, mafuriko ya mwingine

Schaerbeek, mojawapo ya manispaa za Brussels, Ubelgiji, ina watu wapatao 130,000 waliobanana katika kilomita za mraba nane, na sehemu kubwa ya mji huo imekaa mteremkoni. Juu, kuelekea Evere na Woluwe, kuna barabara pana zenye miti na nyumba za wenye nafasi, kila moja na bustani yake. Chini, kuzunguka Stesheni ya Kaskazini ya Brussels na maduka ya Rue de Brabant, nyumba zimegusana mabega, familia nyingi zina asili ya Uturuki na Morocco, na nyuma ya nyumba mara nyingi hakuna bustani ila kiua kilichosakafiwa kote. Wenyeji husema tu Schaerbeek ya juu na Schaerbeek ya chini. Mvua kubwa ya kiangazi ikishuka, tofauti hiyo ya kipato inageuka tofauti ya maji, kwa kuwa kinachoangukia juu kinaishia chini.

Ni nani basi mwenye dhamana ya maji hayo? Tone lililoangukia bati au kigae ni la mwenye nyumba. Likifika barabarani, limeingia mikononi mwa manispaa. Likitumbukia kwenye karavati la maji taka, ni la Vivaqua, shirika la maji linalomilikiwa na manispaa kwa pamoja. Likiingia bomba kuu na kufika kwenye kituo cha kusafishia, linakuwa la Hydria, kampuni ya Mkoa wa Brussels. Likitoka hapo na kuingia mtoni, msimamizi wake ni idara ya mazingira ya mkoa, Bruxelles Environnement. Muda mfupi baadaye linavuka mpaka na kuwa shughuli ya serikali ya mkoa jirani, Flandria. Safari nzima ni ya saa chache tu, na njiani tone limepita kwa wenyewe sita.

Brussels yote ina manispaa 19, kila moja na meya wake, baraza lake la madiwani, bajeti yake na mamlaka yake ya kutoa vibali vya ujenzi. Juu yao upo mkoa ulioundwa mwaka 1989, wenye bunge na serikali kamili. Eneo lote halifiki kilomita za mraba 165, kwa hiyo lingeingia ndani ya Dar es Salaam mara kadhaa na nafasi ikabaki. Ukaribu huo ungetosha kumfanya mgeni adhani kupanga ardhi na kulinda maji hapa ni kazi nyepesi. Miaka 150 iliyopita inaonyesha vingine.

Maji yaliyozikwa

Kabla ya reli na viwanda, Schaerbeek ilikuwa kijiji cha wakulima. Walipakia mboga na cheri migongoni mwa punda, wakazipeleka kuuza Brussels, na ndiyo sababu hadi leo manispaa inaitwa mji wa punda. Punda kadhaa bado wanafugwa katika bustani ya Josaphat, kama kumbukumbu na kwa furaha ya watoto. Bustani hiyo ilizinduliwa mwaka 1904 katika bonde la kijito, na mabwawa yake ni sehemu ya mwisho ambapo mkazi wa Schaerbeek anaweza kuona kwa macho yake maji yaliyoutengeneza mji huu.

Kijito kingine kikubwa, Maelbeek, kimetoweka kabisa machoni pa watu hapa Schaerbeek. Kinaanzia karibu na abasia ya La Cambre, Ixelles, kinapita kwenye mabwawa ya huko, kinaingia Etterbeek, kinakata mtaa wa taasisi za Umoja wa Ulaya ulio ndani ya manispaa ya Jiji la Brussels, kinapita Saint-Josse, ndipo kinafika Schaerbeek kuelekea mto Zenne. Manispaa tano, mameya watano, kijito kimoja. Katika karne ya 19 kilifunikwa kipande kwa kipande, kikageuzwa bomba la maji taka.

Zenne wenyewe haukusalimika. Ulikuwa umejaa uchafu wa viwanda na wa majumbani, na mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 3,000 mjini. Meya Jules Anspach akaanza kuufunika mto mwaka uliofuata, na mwaka 1871 kazi ikakamilika. Juu yake zikajengwa barabara pana zilizoigwa kutoka Paris. Kufikia mwaka 1955 mto ulikuwa umehamishwa tena, safari hii kwenye njia za chini ya ardhi upande wa magharibi wa kitovu cha mji. Uchafu uliondoka puani pa watu lakini haukuondoka majini. Kituo cha kwanza cha kusafisha maji taka, upande wa kusini, kilianza kazi mwaka 2000, na cha kaskazini mwaka 2007. Kwa miaka yote kabla ya hapo, makao makuu ya Umoja wa Ulaya yalikuwa yakimwaga maji taka yake mtoni kama yalivyo, na wa kwanza kuyapokea walikuwa majirani wa Flandria.

Kufunika vijito kulileta tatizo la pili, nalo ndilo linaloitesa Schaerbeek ya chini hadi leo. Mabomba ya Brussels, yenye urefu wa karibu kilomita 1,900, kwa sehemu kubwa yanabeba kila kitu kwa pamoja: maji ya chooni, ya jikoni na ya mvua. Mengi ni ya zamani sana. Siku ya ukame yanatosha. Siku ya radi, maji ya mvua yanayajaza ghafla, na kilichomo kinatafuta pa kutokea. Kinapata njia mbili: matundu ya dharura yanayomwaga mtoni na kwenye mfereji wa meli, au vyumba vya chini ya nyumba za bondeni. Mkazi wa bondeni anayetoa maji chumbani mwake kwa ndoo anatoa mchanganyiko wa maji ya mabati ya watu asiowajua, waishio manispaa ambayo hana kura ndani yake.

Pipa kubwa la Flagey

Jibu la kwanza la mkoa lilikuwa zege. Chini ya uwanja wa Flagey, Ixelles, lilijengwa bwawa la chini ya ardhi lenye uwezo wa kushika lita milioni 33 za maji ya dhoruba, ili bomba kuu la bonde la Maelbeek lipate kupumua. Ujenzi ulichukua miaka mingi, uwanja ukageuka shimo, wafanyabiashara na wakazi wakalalamika, na uwanja ukafunguliwa upya mwaka 2008. Bwawa linafanya kazi iliyokusudiwa. Lakini mabishano yaliyolizunguka yaliacha swali ambalo wakazi wa bonde hawakukubali lizikwe pamoja na zege: kwa nini kuchimba pipa kubwa chini, wakati maji yangeweza kuzuiwa kidogo kidogo kule juu, kwenye mapaa, nyua na barabara?

Kutoka katika mabishano hayo lilizaliwa vuguvugu la États Généraux de l'Eau à Bruxelles, lililokusanya wakazi, wasanifu majengo, watafiti na wasanii. Hoja yao ni kwamba bonde zima liwe na mshikamano. Anayeishi juu hapati mafuriko, lakini paa lake linayalisha, kwa hiyo ana wajibu kwa aishiye chini. Walipendekeza mito mipya ya mjini: mitaro ya nyasi, mabustani yaliyobonyea na vidimbwi vidogo vya kupokea mvua juu ya ardhi, kuichelewesha na kuiacha inywewe na udongo kabla haijafika bombani.

Tofauti kati ya pipa na mitaro ya nyasi ni ya kiutawala kuliko ya kihandisi. Pipa la Flagey lilihitaji taasisi moja, kiwanja kimoja, mkandarasi mmoja na bajeti moja. Mitaro ya nyasi inahitaji mameya watano wakubaliane, mamia ya wenye nyumba waridhie, idara ya barabara iache sehemu ya lami, na mtu alipwe kufyeka nyasi miaka yote ijayo. Serikali popote duniani huona wepesi kumwaga zege kuliko kukubaliana.

Lita 33 kwa kila mita ya paa

Hata hivyo Brussels ina kanuni ambayo mipango miji yetu ya Tanzania ingefaa kuitazama kwa makini. Kanuni za ujenzi za mkoa za mwaka 2006 zinataka nyumba mpya iwe na tangi la maji ya mvua lenye ujazo wa angalau lita 33 kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita 100 linadai tangi la lita 3,300. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo tangi hilo, likiwa tupu, linameza milimita 33 za mvua, kiasi kinachotosha kuivunja nguvu dhoruba ya kawaida ya huko. Kanuni hizo hizo zinataka angalau nusu ya eneo la ua na bustani libaki udongo unaopitisha maji, na paa bapa linalozidi mita za mraba 100, kama halitumiwi kukaa watu, lipandwe majani.

Kanuni ni ya mkoa, lakini mara nyingi anayetoa kibali na kumkagua mjenzi ni manispaa. Hapo ndipo ushirikiano unapopimwa, kwenye dawati la ofisa wa vibali zaidi ya kwenye hotuba. Upo pia udhaifu mwingine. Tangi lililojaa kwa sababu mwenye nyumba anahifadhi maji ya kumwagilia halina nafasi ya dhoruba. Na Schaerbeek kwa sehemu kubwa ilijengwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na Vita Kuu ya Pili, kabla ya kanuni hizi kufikiriwa. Sheria ya nyumba mpya haiugusi mji wa nyumba kuukuu.

Ndiyo maana kazi ya maana zaidi inapita mlango mwingine: mikataba ya ukarabati wa mitaa. Tangu katikati ya miaka ya 1990, mkoa umekuwa ukiingia mikataba na manispaa, mtaa kwa mtaa. Mkoa unatoa sehemu kubwa ya fedha, manispaa inatekeleza, na kamati yenye wakazi inafuatilia. Schaerbeek imepata mikataba mingi ya aina hiyo, ukiwamo ule wa Coteaux-Josaphat kwenye mteremko wa kushukia bondeni. Mkataba wa namna hii ukivunja sakafu ya kiwanja cha shule na kupanda miti, au ukibadili maegesho ya magari kuwa matofali yanayopitisha maji, umefanya kazi ya mafuriko kwa fedha zilizoombwa kwa ajili ya michezo ya watoto. Bruxelles Environnement nayo imeweka washauri wa bure wanaozisaidia manispaa kupanga jinsi ya kushughulikia mvua kabla mchoro wa barabara haujakauka wino. Manispaa ndogo haina uwezo wa kuajiri mhandisi wa maji kwa kila mradi, lakini inaweza kumpigia simu wa mkoa.

Kiwanja cha reli kinachogombewa

Mtihani mgumu zaidi uko kwenye mpaka wa Schaerbeek na Evere. Hapo pana eneo la zaidi ya hekta 20 lililokuwa yadi ya treni za mizigo ya Josaphat. Reli zikang'olewa, mkoa ukalinunua kutoka shirika la reli mwaka 2006, na kwa miaka kadhaa likaachwa. Nyasi zikaota, maji yakatuama kwenye mabonde madogo, nyuki wa porini, kerengende na ndege wakahamia. Wapenzi wa viumbe wakaanza kuandika kila walichokiona, na orodha ikawa ndefu kupita matarajio ya wapangaji.

Mkoa ulikuwa na mpango wake. Brussels ina uhaba wa nyumba za bei nafuu, na foleni ya wanaosubiri nyumba za umma ni ya miaka. Mpango uliowekwa mbele ya umma mwaka 2019 ulizungumzia nyumba karibu 1,600. Upinzani ulikuwa mkali, na toleo lililofuata likapunguza idadi. Aina ya mpango uliotumika iliongeza moto: ni mpango wa mkoa wenye nguvu ya kuzishinda kanuni nyingine zinazopingana nao, zikiwamo za manispaa na hata kanuni za ujenzi za mkoa wenyewe. Kwa mkazi wa Schaerbeek, hiyo ilimaanisha kwamba diwani anayemfahamu jina na sura hakuwa na kauli ya mwisho juu ya kiwanja kilicho jirani yake.

Oktoba 2024 mahakama ya Brussels, katika kesi iliyofunguliwa na wanaharakati wa mazingira, iliutaka mkoa usitishe ujenzi kwenye maeneo yasiyojengwa yanayozidi nusu hekta, wakati mpango mkuu wa matumizi ya ardhi ukisubiri kufanyiwa mapitio. Pande zote mbili zina hoja nzito. Familia yenye watoto wanne katika vyumba viwili vya Schaerbeek ya chini inahitaji nyumba. Familia hiyo hiyo, ikiishi bondeni, inahitaji ardhi ya juu iendelee kunywa mvua. Tatizo ni kwamba hitaji la kwanza lina wizara, bajeti na mkandarasi, wakati la pili halina mtetezi mpaka mtu aende mahakamani.

Tangazo jekundu mlangoni

Kuna utaratibu mmoja unaoyakutanisha mahitaji hayo mapema. Mradi mkubwa ukiombewa kibali, karatasi nyekundu hubandikwa kwenye jengo au kiwanja husika. Kila apitaye anajua kwamba kuna jambo na kwamba ana siku kadhaa za kusoma michoro na kuandika maoni. Kisha kamati ya mashauriano inakaa hadharani. Mezani wapo wawakilishi wa manispaa, wa idara ya mipango miji ya mkoa na wa mazingira. Mkazi aliyeomba nafasi anasimama na kusema. Ni kikao cha kuchosha, kwa Kifaransa na Kiholanzi, na mara nyingi kinahusu ghorofa moja au karakana. Lakini ndipo mahali pekee ambapo anayepanga ardhi, anayelinda maji na anayeishi chini ya mteremko hukutana kabla zege halijamwagwa.

Kasoro yake ni mipaka. Mradi wa Ixelles hujadiliwa kwa tangazo la Ixelles. Mkazi wa Schaerbeek, aliye mwisho wa bonde lile lile, hana sababu ya kuipita karatasi hiyo.

Mipaka mikubwa zaidi nayo ina historia yake. Desemba 2009 kituo cha kusafisha maji taka cha kaskazini kilisimamishwa kwa siku kadhaa, na maji machafu ya zaidi ya nusu ya Brussels yakaingia Zenne na kuelekea miji ya Flandria ya Vilvoorde na Mechelen. Flandria ilikasirika, na ilikuwa na haki. Hata hivyo baadhi ya manispaa za Flandria zilizopakana na Brussels hupeleka maji taka yao kwenye vituo hivyo hivyo vya Brussels kwa makubaliano, kwa kuwa mteremko unaelekea huko. Ubia wa bomba umewapa watu wanaozozana kuhusu Kifaransa na Kiholanzi sababu ya kuendelea kuketi pamoja. Kwa upana zaidi, Zenne humwaga maji yake katika bonde la Scheldt, na mwaka 2002 huko Ghent Ufaransa, Uholanzi, Ubelgiji na mikoa yake mitatu walitia saini mkataba wa kulisimamia bonde hilo. Brussels iliketi hapo kama mshirika kamili. Maonyo ya Julai 2021, mafuriko ya bonde la mto Vesdre yalipoua watu karibu 40 nchini Ubelgiji, yaliwakumbusha wote gharama ya kupanga ardhi bila kutazama mteremko.

Kutoka Pugu hadi Jangwani

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kwenda mbali kuielewa hadithi hii. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, mkoani Pwani, unapita katika halmashauri za Dar es Salaam, na unaingia baharini karibu na daraja la Salenda. Anayefyeka msitu, kuchimba mchanga au kukata viwanja kule juu haathiriki. Anayezama ni wa Kigogo na Jangwani, kule chini.

Kwa upande mmoja Tanzania imeitangulia Brussels. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ya nchi yanasimamiwa kwa mabonde tisa, na Msimbazi uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo haitambui mpaka wa Pwani na Dar es Salaam. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha vyanzo vya maji ndani ya mita 60. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi.

Pengo letu liko kwenye dawati lile lile la vibali. Bodi ya bonde inatoa vibali vya kutumia maji na kutiririsha maji taka, lakini anayepima kiwanja na kuruhusu nyumba ni halmashauri. Mnunuzi wa kiwanja cha mita 600 Kisarawe au Chanika anaambiwa umbali wa barabara, umeme na maji ya bomba, haambiwi nusu ya ua wake iachwe udongo. Ukipita mitaa mipya, utaona paving imetandazwa toka geti hadi ukuta wa nyuma, na bomba la paa likielekezwa barabarani kwa jirani.

Mambo matatu yaliyojaribiwa Schaerbeek yanaweza kuanza kwetu bila kusubiri mkopo. La kwanza ni kuifanya lita 33 kwa kila mita ya paa, au kiasi kitakachokokotolewa kwa mvua zetu za masika zilizo nzito zaidi, kuwa sharti la kibali cha ujenzi katika kila halmashauri ya bonde. Nyumba nyingi za Dar es Salaam tayari zina matangi, kilichobaki ni kuyaunganisha na paa. La pili ni tangazo mlangoni: mradi mkubwa ubandikwe wazi eneo la juu na pia kwenye ofisi za serikali za mitaa ya chini, jambo ambalo Brussels yenyewe haijalifanya vizuri. La tatu ni kuzipa bodi za maji za mabonde kiti katika kamati za mipango miji za halmashauri, zikiwa na haki ya kupinga kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi.

Hili la tatu ndilo zito kisiasa, kwa kuwa linamnyima mwenyekiti wa halmashauri ya juu uhuru wa kugawa viwanja bila kumtazama wa chini. Manispaa za Brussels ziliupoteza uhuru huo polepole na kwa manung'uniko, baada ya kukubali kwamba kibali kinachotolewa kilimani kinalipwa bondeni. Halmashauri za Kisarawe, Ubungo, Kinondoni na ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Ilala, zinaweza kukubaliana jambo hilo kwa kikao na muhtasari uliosainiwa, kabla masika mengine hayajawalazimisha.